Bastola ya kubeba kila siku chini ya nguo: tuache kwanza ubishi wa kaliba, tuongee ukubwa wa bastola yenyewe

#1 Mlenga (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nimeona niandike hili kwa urefu maana kila mtu akishapata kibali swali lake la kwanza ni kaliba (ukubwa wa risasi) gani, la pili ni kaliba gani, halafu bastola yenyewe anaichagua kwa dakika mbili kwa kuangalia ipi ndogo ipi nzuri machoni. Nafundisha watu wapya kulenga shabaha na hili linaniuma kweli, kwa hiyo mtanivumilia.

Kabla ya yote, naongea na mtu mzima mwenye kibali, ambaye sheria ya anakoishi inamruhusu kubeba silaha ikiwa imefichwa. Sheria zinatofautiana mno, kuna sehemu kuificha ndo sharti na kuna sehemu kuificha ndo kosa. Hata kaliba zinapangwa na sheria, Mexico kwa mfano 9mm Parabellum imetengwa kwa ajili ya jeshi raia haruhusiwi. Jua kwanza ya kwako inasemaje ndo urudi hapa.

Sasa hoja yangu ni hii: bastola ndogo kabisa ndo ngumu kuliko zote kupiga nayo. Ni silaha ya mtu aliyekomaa. Na sisi tunafanya kinyume, mgeni, mtu ambaye hajawahi kufyatua hata moja, na hasa akiwa mwanamke, tunamwambia chukua hii ndogo nyepesi inakufaa. Tunamuumiza.

Ngoja nieleze kwa nini. Risasi ikisukumwa mbele, bastola nayo inasukumwa nyuma, hiyo ni sheria ya Newton haikwepeki. Ukiwa na chuma kizito kinameza sehemu kubwa ya lile sukumo, ukiwa na chepesi linakuja lote kiganjani kwako. Glock 19 ya 9mm ikiwa tupu ina kama gramu 600. Ruger LCP ya .380 ina kama gramu 270, yaani chini ya nusu, na mpini wake unashikwa na vidole viwili, cha tatu kinaning'inia. Watu wengi wanashangaa sana wakijaribu zote mbili siku moja, ile yenye risasi ndogo ndo inawachapa mkono na ile yenye risasi kubwa zaidi wanapiga nayo kwa raha. Halafu kuna umbali kati ya saiti (alama ya kulengea) ya nyuma na ya mbele. Ukiwa mfupi, kosa la kulenga ambalo jicho halilioni linakuwa kosa kubwa kule kwenye shabaha. Na springi, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) ikiwa fupi na nyepesi inahitaji springi ngumu, kwa hiyo bastola ndogo ndo ngumu kuikoki, yaani kuvuta slaidi nyuma ili risasi iingie. Mgeni anapata vitu vyote vinne kwa mpigo, teke kali, mpini mfupi, saiti zilizobanana na slaidi ngumu. Baada ya magazini (vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) mbili anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, anasukuma mtutu chini akisubiri teke, na tabia hiyo ikishaingia kuitoa ni kazi ya muda mrefu.

Kuna jambo lingine watu hawalijui kuhusu .380. Bastola nyingi za zamani za kaliba hii kama Walther PPK hazina mtutu unaojifunga na slaidi, slaidi inazuiwa na uzito wake na springi tu. Kwa hiyo inarudi nyuma kwa ghafla inakupiga. 9mm nyingi za sasa mtutu na slaidi vinasafiri pamoja kidogo ndo vinaachana, ule mshtuko unagawanyika. Ndo maana PPK ya .380 inaweza kukusumbua mkono kuliko 9mm ya ukubwa wa kati. Usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye ganda.

Haya, kaliba. Nitapita haraka ila historia yake inafundisha.

9mm Parabellum ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa miaka ya 1900, kipenyo kama milimita 9, kichwa cha risasi gramu 7.5 mpaka 9.5. .45 ACP ya John Browning ndo ile iliyoenda na M1911 ya jeshi la Marekani, kipenyo kama milimita 11.5, kichwa kama gramu 15, inaenda taratibu, mita 255 hivi kwa sekunde wakati 9mm inazunguka kwenye 350. .380 nayo ni ya Browning, ya 1908, kipenyo sawa na 9mm ila ganda fupi na baruti kidogo, wengine wanaiita 9mm fupi.

Tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami maafisa 8 wa FBI walikutana na majambazi wawili wa benki. Mapema kabisa kwenye yale mapambano risasi ya 9mm ilipita kwenye mkono wa jambazi mmoja, Michael Platt, ikaingia kifuani ikasimama kabla haijafika kwenye moyo. Lilikuwa jeraha la kufa, ila hakufa pale pale, aliendelea kupiga kwa bunduki na mpaka mambo yanaisha maafisa wawili walikuwa wamekufa na watano wamejeruhiwa. Lawama ikaangukia 9mm. FBI wakahamia 10mm, ikawa kubwa na kali kwa maafisa wengi, wakaipunguzia nguvu, na kutoka hapo ndo 1990 Smith & Wesson na Winchester wakaleta .40 S&W. Polisi wengi wa Marekani wakaifuata. Katikati ya miaka ya 2010 FBI hao hao wakarudi 9mm. Sababu ni kwamba vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa sana, na wapigaji wao wengi walikuwa wanapiga haraka na kwa usahihi zaidi na 9mm kuliko na .40.

Kutoka kwenye mkasa ule ndo kukaja kipimo ambacho mpaka leo kinatumika. Unapiga risasi kwenye jeli ya gelatini ya asilimia 10, wakati mwingine unaweka kitambaa kizito mbele, na kichwa kinatakiwa kiingie sentimita 30 mpaka 45. Watu wanauliza mbona kifua cha mtu si kinene hivyo. Ni kwa sababu ya yaliyomkuta Platt, risasi inaweza kuanza na mkono ulionyooshwa mbele yako, au ikaingia kwa pembeni. Ikipungua haifiki, ikizidi inatoka upande wa pili na huko nyuma kuna mtu asiye na hatia.

Daktari wa jeshi la Marekani Martin Fackler alilisema hili kwa miaka mingi: kwenye mwendo wa bastola nyama ya mwili inavutika na kurudi, kinachobaki ni tundu lililochimbwa na risasi yenyewe. Bastola siyo bunduki ya vita. Haimrushi mtu nyuma kama tunavyoona kwenye sinema, hakuna kaliba ya bastola inayofanya hivyo. Hata mtu akipigwa kwenye moyo ubongo bado una hewa ya kumtosha sekunde 10 mpaka 15, na sekunde 10 ni nyingi sana kwa mtu anayekujia. Kwa hiyo milimita mbili na nusu za tofauti kati ya 9mm na .45 haziwezi kufidia risasi iliyokosea sehemu.

Kwa hiyo jibu langu kwa wengi ni 9mm, kwenye bastola kubwa kadiri mwili wako na nguo zako zinavyoweza kuificha. Siyo ndogo kadiri inavyowezekana. Anza na Glock 19 au yenye ukubwa kama ule, mtutu kama sentimita 10, risasi 15, jaribu kweli kuivaa ukiwa na holsta (mfuko wa bastola wa kiunoni) nzuri na mkanda mgumu. Ikishindikana shuka hatua moja, kundi la SIG P365 au Glock 43X, nyembamba, zinabeba 10. Hiyo P365 ilipotoka 2018 ilibadilisha mambo kwa kweli, kabla yake wembamba ule ulikuwa unapata risasi 6 au 7 tu. Chini ya hapo, hizo za kuingia mfukoni, ziache mpaka uwe umepiga sana na kubwa.

Karibuni, na wenye hoja tofauti waje nazo.

#2 Mzee wa Revolva

Mlenga umeandika vizuri mwanangu lakini umeipita .45 mbio mbio na revolva, ile ya silinda inayozunguka, hujaigusa kabisa. Mimi nimebeba revolva ya .38 Special miaka mingi sana, Smith & Wesson ya risasi tano, ile ya mtutu mfupi. Haina magazini ya kupotea, haina slaidi ya kukwama, risasi ikigoma unavuta triga tena inakuja nyingine. Unaweza kuiacha imejazwa mwaka mzima hakuna springi ya magazini iliyobanwa. Na ukiifyatua ukiwa umeigandamiza kwa mtu au ukiwa nayo ndani ya mfuko wa koti inapiga, bastola ya slaidi ukiigandamiza slaidi inasogea nyuma kidogo inagoma kupiga. Mwambieni kijana hilo nalo.

#3 Mlenga

Mzee shikamoo, na asante kwa kulileta. Hilo la kugandamiza ni kweli kabisa na ni faida halisi ya revolva, sibishi. Na kwamba risasi mbovu unaipita kwa kuvuta tena, kweli.

Ninachokataa ni kumpa mgeni ile ya mtutu mfupi kwa sababu "ni rahisi". Kuielewa ni rahisi, kupiga nayo siyo rahisi. Triga yake ya kuvuta moja kwa moja ni kama kilo 5, Glock ya kawaida ni kama kilo 2.5, na ile revolva ya alumini yenyewe ina kama gramu 425. Unavuta kilo 5 kwa kidole kimoja kwenye kitu kisichofika nusu kilo, lazima mtutu uyumbe kama mkono haujafundishwa. Wewe mkono wako umeshazoea miaka yote hiyo, mgeni hana hiyo miaka. Halafu risasi ni tano, kujaza upya ni polepole. Na ikikwama kweli, maana nayo hukwama, kichwa kikichomoka kwenye ganda kikaziba silinda au uchafu ukiingia chini ya nyota ya kutolea maganda, hiyo hairekebishiki kwa mkono pale pale, inahitaji fundi.

Mtu anayetaka revolva nitamwambia achukue ya chuma, nzito kidogo, apige .38 za kawaida. Na kama ni ya .357 Magnum nyepesi asijaze hizo .357 kabisa, anajitesa bure, mwako wa mdomo wa mtutu usiku unampofusha na teke linamnyima risasi ya pili.

.45 sijaidharau. Anayepiga nayo vizuri abebe. Ila kwenye bastola ya ukubwa ule ule anabeba risasi chache, na kurudi kwenye shabaha kwa risasi ya pili kunachukua muda zaidi. Hayo mawili ndo yanayonifanya nimpe mgeni 9mm.

#4 Mama Watatu

Samahani naomba niulize mimi siyo mtaalamu. Nina kibali na nimeshapewa mafunzo ya mwanzo lakini slaidi inanishinda, kila mtu ananiambia basi chukua .380 ndogo au revolva. Viganja vyangu ni vidogo na nguvu za mikono siyo nyingi. Sasa we unasema ndogo ni ngumu zaidi ndo nimechanganyikiwa kabisa, nichukue nini? na pia nguo zangu nyingi ni magauni sehemu ya kuweka mkanda hamna

#5 Mlenga

Dada usiombe samahani, hili ndo swali la maana kuliko yote kwenye huu uzi.

La kwanza, namna ya kukoki. Wengi wanashika slaidi kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, wananyoosha mkono mbele na kuvuta kama wanavuta upinde. Hapo unatumia misuli midogo. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea sehemu salama muda wote (hapa ndo watu wanageuza mwili na mtutu unapita kwa wenzao, angalia sana), shika slaidi kwa kiganja chote kwa juu, halafu mkono wenye mpini USUKUME mbele kwa nguvu wakati ule mwingine unavuta nyuma. Nguvu inatoka kifuani na mabegani. Slaidi ikifika mwisho iachie kabisa, usiisindikize. Asilimia kubwa ya walioniambia slaidi inawashinda waliweza baada ya kuelekezwa hivi.

La pili, kama bado inagoma au una tatizo la viungo, zipo bastola zilizoundwa kwa ajili hiyo. Smith & Wesson wana Shield EZ, ilianza na .380 mwaka 2018 halafu ikaja ya 9mm, slaidi yake laini kweli na magazini inajazwa bila kuumiza kidole. Beretta nao waliwahi kutengeneza .380 ambayo mtutu unainuka kwa nyuma unaweka risasi ya kwanza kwa mkono bila kugusa slaidi. Hapo .380 ina sababu ya maana. Ni .380 kwenye bastola ya ukubwa wa kati, siyo .380 ya mfukoni, hizo ni silaha mbili tofauti kabisa japo risasi ni moja.

La tatu, mpini. Ukishika vizuri kidole cha shahada kifike kwenye triga katikati ya pingili ya kwanza bila kuzungusha mkono. Kama inabidi uzungushe ndo uifikie, mpini ni mnene kwako. Bastola nyingi za sasa zina migongo ya kubadilisha, ya saizi ndogo mpaka kubwa, jaribu zote kabla hujakata tamaa.

Kuhusu magauni kuna mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa tumboni chini ya nguo. Unafaa ukiwa na kipande kigumu cha plastiki kinachofunika triga, na wenye kitambaa kitupu usiuguse. Mkoba wa mkononi nakuomba uwe chaguo la mwisho kabisa. Mkoba unaporwa, unawekwa mezani, unapekuliwa na mtoto anayetafuta peremende, na ukiporwa na silaha imeondoka nao.

#6 Sajenti Mstaafu

Naongezea kwa Mama Watatu. Usinunue kabla hujapiga nayo. Azima au kodi kwenye uwanja wa shabaha, piga risasi za kutosha siyo tano, risasi tano kila bastola ni nzuri. Ukifika 50 mkono ukauma au ukaanza kuruka kabla ya mlio basi siyo yako.

Mlenga mimi nakuuliza kitu kimoja, hujasema risasi yenyewe. Kaliba moja ina risasi za namna nyingi na hapo ndo tofauti kubwa ilipo kuliko 9mm na .45

#7 Mlenga

Sajenti umenena, niliiruka nikijua nitairudia.

Za koti zima, yaani risasi iliyofunikwa shaba yote na ncha ya mviringo, hizo ni za mazoezi. Ya 9mm ya namna hiyo inapita sana, kwenye jeli inapitiliza ile sentimita 45 bila shida, maana yake kwenye mtu inaweza kutoka nyuma ikiwa bado na nguvu. Za kujilinda ni zenye tundu kwenye ncha. Zikigonga kitu chenye majimaji lile tundu linajaa, kichwa kinachanua kinakuwa kipana na kinajifungia breki. Faida yake ni mbili, tundu pana na kutopitiliza. Kwa vita vya mataifa zilikatazwa na tamko la Hague la 1899, na kuna nchi raia nazo haruhusiwi kuwa nazo, kwa hiyo hili nalo ni la kuuliza kwanza. Ukiwa huruhusiwi, basi ujue zaidi kilicho nyuma ya unayemlenga.

Na hapa ndo .380 na mitutu mifupi inapopata shida. Kichwa kinahitaji mwendo ndo kichanue. .380 mara nyingi inabidi uchague, ikichanua vizuri haiingii vya kutosha, ikiingia vya kutosha haijachanua. Kwa .32 na .25 na .22 mambo yanakuwa magumu zaidi, na .22 ina tatizo la ziada, baruti ya kuwashia imepakwa kwenye ukingo wa ganda, zinagoma mara nyingi kuliko zile zenye kiwashio katikati ya kitako cha ganda. Ila mkongwe mwenye vidole vinavyotetemeka ambaye .22 ndo kitu pekee anachoweza kukishika, abebe .22 na apige nayo vizuri, sitamcheka.

Uzito wa kichwa kwenye 9mm, 124 au 147 grein (kipimo cha uzito wa risasi) zote zinafaa kama ni za kampuni inayoeleweka. Kwa mtutu mfupi chagua zile zilizotengenezwa kwa mitutu mifupi. Chochote utakachochagua, ipigie bastola yako mwenyewe angalau maboksi kadhaa ya risasi hizo hizo uone haikwami. Kuna bastola inakula kila kitu na kuna inayochagua, na huwezi kujua kwa kusoma.

#8 Kijana wa Leo

mkuu mimi nataka kubeba kwa mbele kwenye mkanda upande wa kitovu nimeona wengi wanafanya hivyo, ila naogopa triga maana bastola yangu haina sefti (kizuizi cha kufyatua) ya pembeni. nibebe chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu? rafiki yangu anasema chemba tupu ni kama kubeba jiwe

#9 Mlenga

Hofu yako ni ya afya, usimwache mtu akutoe hofu hiyo kwa maneno. Mtutu uko sehemu yenye mshipa mkubwa wa paja.

Bastola nzuri ya sasa haifyatuki yenyewe ikikaa kwenye holsta, kinachofyatua ni kitu kuingia kwenye triga wakati wa kuirudisha. Kamba ya koti, pindo la shati, kidole ambacho kimesahaulika. Kwa hiyo holsta iwe ngumu, ya Kydex (plastiki ngumu) au ngozi imara isiyolegea, inafunika triga yote, mdomo wake haufungiki ukitoa bastola. Zile za nailoni laini za kuingia kila bastola zitupe. Kwa kubeba mbele kuna njia salama zaidi, unachomoa holsta yote kiunoni, unaingiza bastola ukiwa unaona kwa macho, halafu unairudisha holsta ikiwa na bastola ndani. Na kurudisha hakuna haraka hata siku moja. Kutoa kuna haraka, kurudisha hakuna.

Kuhusu chemba, rafiki yako amekaza sana lakini ana hoja. Kukoki kunahitaji mikono miwili na mara nyingi mkono mmoja utakuwa unamsukuma mtu, umeshika mtoto, au umeumia. Sajenti wa polisi wa Salt Lake City anaitwa Dennis Tueller alionyesha mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu anakimbia futi 21, kama mita 6.4, ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Muda huo ni mdogo hata kwa kutoa tu. Msimamo wangu: ukiwa bado unajifunza beba chemba tupu, nyumbani vaa hivyo hivyo ukiwa umeikoki bila risasi hata moja, magazini tupu, ufanye shughuli zako zote, ukae uiname ubebe vitu, jioni uangalie kama triga imeshuka. Ukiona kila siku iko vile vile utaiamini holsta yako kwa ushahidi. Ukifika hapo, na kidole chako kimeshazoea kukaa nje ya triga bila kukumbushwa, jaza chemba. Kama hofu haiishi, chukua yenye sefti ya kidole gumba au yenye nyundo ya nje, unaweka gumba kwenye nyundo wakati unarudisha, ikitaka kusogea unaisikia.

#10 Fundi Springi

Mimi ni wa kutengeneza siyo wa kupiga, nitasema mawili ambayo naletewa mezani kila mara.

La kwanza magazini. Bastola inayokwama mara nyingi tatizo ni magazini, mdomo wake umepinda au springi imechoka. Kuwa na za kutosha, ziwekee alama, ya kuangusha chini kwenye mazoezi isiwe ile ya kubeba.

La pili ni ile risasi ya juu. Kila jioni mtu anatoa risasi kwenye chemba, asubuhi anairudisha ile ile, kila siku. Kila inapogonga ile njia ya kuingilia, kichwa kinasukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, presha inapanda, na kwenye kaliba kama .40 inaweza kufika pabaya. Pia baruti ya kuwashia inaweza kuchoka. Weka risasi yako pembeni ya mpya kutoka kwenye boksi, simamisha zote juu ya meza, ikiwa fupi hata kidogo usiipige.

#11 Mama Watatu

Asanteni jamani, nimejaribu ile ya kusukuma leo na slaidi imekubali!! kwenye ile ya ukubwa wa kati niliyokuwa naiogopa. Swali la mwisho, nikifika nyumbani naiweka wapi na watoto wapo watatu

#12 Mlenga

Hongera sana dada, nimefurahi mno.

Ukifika nyumbani ni moja kati ya mawili, iko mwilini mwako au iko kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa. Hakuna la tatu. Juu ya kabati siyo mahali, chini ya godoro siyo mahali, mtoto wa miaka mitatu anaweza kuwa na nguvu ya kuvuta triga. Vipo visanduku vidogo vya vitufe vinavyofunguka gizani kwa kupapasa, kifunge kwa skrubu ukutani au kwenye samani nzito, mwizi asikibebe chote. Iingize humo ikiwa ndani ya holsta yake, yaani unavua holsta na bastola kwa pamoja, na risasi uiache palepale. Utakuwa umemaliza na lile tatizo la Fundi la kutoa risasi kila jioni, na mikono yako itakuwa haijaishika ile bastola ikiwa uchi ukiwa umechoka. Kabla hujanunua kisanduku pima holsta yako na kipimo cha ndani, vingi ni vifupi, bastola inaingia yenyewe tu bila holsta.